Kumfufua Mpaka

Winifrida alikuwa ameshalisema neno lile kwenye milango mingi, na hakukuwa na mlango uliowahi kulishangaa.

"Tumekuja kufufua mpaka," alisema, kwa sauti yake ya chini ya siku zote, begi la mashine ya kupimia likimlemea begani.

Bi Moza alisimama mlangoni amejitanda kanga. Akamtazama yeye, akamtazama Beno, fundi anayefanya naye kazi, kisha akarudi kumtazama yeye kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu yake.

"Kumfufua?" akauliza. "Nani kawaambia kafa?"

Beno akacheka. "Bibi, si mtu. Mpaka. Mpaka wa kiwanja. Alama zimepotea, tunazitafuta, tunazirudisha. Ndiyo kufufua kwenyewe huko."

"Nimekusikia, mwanangu. Nami nauliza nani kawaambia kafa. Amelala tu."

Ilikuwa asubuhi na mtaa ulishafurika. Spika ya duka la mashuka ilikuwa ikitangaza bei ileile bila kupumua, na mikokoteni ilikuwa ikisukumana na watu barazani. Winifrida alidhani amesikia vibaya. Kiswahili chake cha shule kilitaka kusahihisha: mpaka *umelala*, au tuseme haulali kabisa, kwa kuwa mpaka ni mstari. Lakini hakuwa mtu wa kuwasahihisha wakubwa. Alikumbuka tu kwamba hajasalimia, aibu ikamshika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni ndani. Viatu hapo."

Nyumba ya Bi Moza ilikuwa moja ya zile za chini zilizobaki Kariakoo, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, kisha uani. Kulia kwake ghorofa, kushoto ghorofa, na nyuma kulikuwa na kiwanja cha Onesphory, muuza vyombo vya plastiki kwa jumla, ambaye alishabomoa nyumba ya kwake na kuzungushia mabati ili ainue ghorofa naye. Ni yeye aliyeiomba ofisi yao ifufue mpaka. Namba za ramani ya upimaji zilionyesha kwamba kona ya kiwanja chake ilikuwa imeingia uani kwa Bi Moza, hadi ndani ya chumba cha mwisho. Ikithibitika hivyo, chumba kile kingevunjwa. Kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbia misingi, kilikuwa kimeshaegeshwa nyuma ya mabati, kikisubiri neno la wapimaji.

Wapangaji walikaa vyumba vya mbele. Chumba cha mwisho alilala Bi Moza mwenyewe.

Kelele za mtaa ziliwafuata mpaka uani, spika, honi, mtu akiita "pisha mzigo, pisha mzigo." Winifrida alipovuka kizingiti cha chumba kile, zilikatika. Hazikupungua, zilikatika, kama mtu aliyezibwa masikio kwa viganja. Akarudi nyuma hatua moja: spika. Akaingia tena: kimya. Akamgeukia Beno, ambaye alikuwa akitafuta pa kuchajia simu.

Bi Moza alipiga magoti kwa taabu pembeni mwa kitanda. Kwenye kona ile sakafu ya saruji ilikuwa imeachwa wazi, udongo mtupu ulionekana, umefagiliwa vizuri, kipande cha kumtosha mtoto kulala.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Una wageni."

"Bibi, kaka gani tena?" Beno akauliza.

"Mpaka."

Akawaeleza bila kuinuka. Wazazi wake, Bi Anifa na mzee Khalfani, walikuja kutoka Kilwa wakiwa vijana. Mimba ya kwanza ya mama ilitimiza miezi yake, lakini mtoto alitoka kimya. Mtoto wa namna ile hakupelekwa makaburini, alizikwa nyumbani. Baba alimchimbia pale, kwenye kona, ubavuni mwa chuma cha mpaka kilichowekwa na serikali, kwa kuwa alijua mahali pale hapana mtu atakayethubutu kuchimba.

"Hakupewa jina. Sasa sisi tuliozaliwa nyuma yake tukicheza uani, mama anatukemea: msimkanyage Mpaka, msimpigie Mpaka kelele. Tukakua tukijua tuna kaka, anaitwa Mpaka. Chumba hiki kilikuja kujengwa baadaye, kumkinga na mvua. Nilikuwa mwari kabisa nilipogundua kwamba kumbe watu wengine wana mipaka isiyokuwa na mama."

Beno alijikuna kichwa. "Kwa hiyo bikoni, hicho chuma cha mpaka, iko hapo chini. Umeiona, bibi?"

"Mama ndiye aliyeiona. Mimi nifukue kichwani kwa kaka yangu natafuta nini?"

Walifunga mashine uani, wakapima kutoka alama zilizokuwa barabarani, na namba zikawapeleka walikotarajia: katikati ya chumba, miguuni mwa kitanda, mbali kabisa na ile kona. Beno alichora msalaba kwa chaki, akaweka ncha ya tepu juu yake na kuikandamiza kwa kipande cha tofali. Winifrida alisimama mlangoni ameshika kasha la tepu.

"Ngoja nikachukue rangi kwenye gari," Beno akasema. "Usiogope, Wini. Kaka mtu mwenyewe kalala."

Bi Moza alikuwa amekwenda kuangalia chai. Winifrida alibaki peke yake, miguu kwenye kizingiti, nusu yake ikiwa kwenye kelele na nusu kwenye kimya. Ndipo tepu ilipovutika.

Kwanza alidhani ni upepo. Lakini utepe wa chuma ulizidi kutoka ndani ya kasha, polepole, ukikwaruza sakafu. Tofali lilikuwa pale pale lilipowekwa, na ncha haikuwa tena chini yake. Ncha ilikuwa ikitambaa chini ya kitanda kuelekea kwenye kona, ikisimama, ikiendelea, kama inayobebwa na mtu ambaye mkono wake haujazoea kushika vitu. Ikafika kwenye udongo. Ikatulia. Kisha ikakazwa, na Winifrida akauhisi ule mkazo hadi kiwikoni. Kila mpimaji anaujua. Ni mwenzako wa upande wa pili anapokuambia: nimeshika, soma.

Hakusoma. Alisimama hivyohivyo hadi Beno aliporudi na kopo la rangi.

"Mbona umeivuta hadi huko?"

"Sikuivuta mimi."

Beno aliinama, akaichomoa tepu kwenye kona. Ilitoka bila taabu, lakini ncha yake ilikuwa na udongo mbichi, na kwenye ule udongo palikuwa na alama ndogo zilizopangana kama za vidole, ambazo Beno alizifuta kwa kidole gumba bila kuzitazama.

Ofisi yao ilikuwa Mchafukoge, ghorofa ya juu ya duka la vioo. Mzee Ansbert, mpimaji mkuu na mwenye ofisi, aliwasikiliza huku akila karanga.

"Namba zinasema katikati ya chumba?"

"Ndiyo, mzee," Beno akajibu.

"Basi andikeni, tupande bikoni mpya, Onesphory aendelee na maisha yake."

Winifrida alikuwa akitazama vidole vyake. "Mzee, kuna bikoni ya zamani."

"Umeiona?"

"Bado."

"Nani kaiona?"

"Mama yake bibi. Marehemu."

Mzee Ansbert akaacha kutafuna. Hakuwa mtu mkali, alikuwa amechoka tu. "Binti, sheria ya kazi yetu unaijua. Chuma kilichopandwa na mpimaji wa kwanza, kama bado kiko mahali pake, kinazishinda namba zote. Karatasi inaweza kukosewa, waliopima zamani walibebeshwa minyororo ya kupimia juani. Chuma ndicho mpaka. Lakini ni chuma kilichoonekana. Kilichosimuliwa hakimo. Kachimbe. Ukikikuta, chumba cha bibi kinabaki. Usipokikuta, kesho kijiko kinaingia. Onesphory kashanipigia mpaka simu imepata moto."

Kwenye ngazi Beno alimwambia, "Si unaona? Rahisi. Tunachimba, tunamwonyesha Mangi Onesphory chuma, kila mtu analala kwake."

Winifrida alishuka mbele yake. Alikuwa akifikiria kwamba ili kuuokoa udongo ule, itabidi waufukue.

Bi Moza naye aliliona hilo upesi. Kesho yake asubuhi alikaa kitandani, mikono mapajani, akamsikiliza Winifrida mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nikikataa msichimbe, lile dude la nyuma litamchimba."

"Ndiyo, bibi."

"Na nikikubali, mnamchimba nyie."

Winifrida alihisi machozi yakimkaribia na akayakasirikia. "Chuma kiko juu, bibi. Yeye atakuwa chini yake, au pembeni. Nikigusa chuma nitaacha. Nakuahidi."

"Wewe, siyo huyu mchekaji."

"Mimi."

"Kwa mkono, siyo sururu."

"Kwa mkono."

"Na umwamkie. Ni mkubwa wako yule, hata kama hakuwahi kukaa."

Onesphory aliingia wakati huohuo, mpana, jasho shingoni, simu mbili mkononi. Alivua viatu bila kuambiwa, kwani hakuwa mtu mbaya.

"Shikamoo, mama. Mambo vipi, kaka Beno. Na huyu ndiye Winifrida? Jina la Kibosho kabisa hilo. Wewe wa kwetu, eti?"

"Wa Mbinga," Winifrida akasema.

"Aa, kwenye kahawa. Basi tunanywa kikombe kimoja." Akajifuta jasho. "Jamani, mimi simfukuzi mtu. Nataka changu tu. Benki haijui bibi wala babu. Na tena, mama, ulisogeze kidogo hilo lijitoto lako. Tangu jana linalia mchana kutwa. Mafundi wangu wanakataa kushuka shimoni upande huu, wanasema mlio wake unawaingia kwenye meno."

Bi Moza alimtazama. "Mangi, katika nyumba hii mpangaji mdogo kuliko wote ana ndevu."

Onesphory alitazama huku na huku chumbani. Halafu akasema, kwa sauti iliyoshuka kidogo, "Basi ni wa jirani."

Winifrida alipiga magoti kwenye kona. Mlangoni aliona watu wakipita ukumbini na midomo yao ikienda, lakini ndani haukuingia hata mnong'ono. Aliweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa na joto, kama godoro ambalo mtu ameamka sasa hivi.

"Shikamoo," akasema.

Alitegemea kimya. Alishayatega masikio yake kukipokea.

"Marahaba."

Sauti ilitoka chini, karibu na goti lake, nyembamba, yenye mate, sauti ya kitu ambacho hakijawahi kutamka neno na kimelisikia likisemwa kwa miaka mingi. Beno alidhani ni Bi Moza, maana alisema, "Haya, kashaitika, chimba." Lakini Winifrida alikuwa akimwona Bi Moza, na Bi Moza alikuwa ameziba mdomo wake kwa kanga, macho yamemtoka. Zaidi ya miaka sitini alikuwa akiamkia kona ile. Haikuwahi kumwitikia.

Winifrida alichimba kwa vidole. Alijiambia kwamba ni kazi, ni udongo, ni kona ya kiwanja. Udongo ulikuwa laini, haukuwa na kokoto wala mzizi. Punde kucha zake zikagonga zege, akapangusa, na hapo katikati ya zege ikatokea bomba la chuma, limeota kutu, wima, na namba zilizochorwa na mtu aliyeshakufa zikiwa bado zinasomeka pembeni yake.

"Mungu wangu," Beno akasema taratibu. "Ipo."

Akapiga picha. Akainamia namba, akalinganisha na ramani. Zilikuwa zenyewe. Mpaka ulikuwa pale, kwenye kona, sambamba na ukuta wa chumba, na chumba kizima kilikuwa cha Bi Moza. Winifrida alitaka kucheka. Alitaka kuutoa mkono wake, uliokuwa bado umezama pembeni mwa zege, asimame, amkumbatie bibi.

Ndipo kitu kilipomshika kidole.

Alikuwa ameshawapakata watoto wachanga wa dada zake, na mshiko huo aliufahamu. Ukimpa mtoto wa jana kidole hukizungushia mkono wake wote, bila kukutazama, bila kukujua, na hung'ang'ania kwa nguvu usizozitegemea. Ndivyo alivyoshikwa. Hakupiga kelele. Kilichomjaa hakikuwa woga peke yake, na hilo ndilo lililomwogopesha zaidi.

"Sawa, chuma nimekiona," Onesphory akasema nyuma yake. "Lakini na mimi siyo mtoto. Bomba hata mtu anaweza kulipanda jana usiku akalipaka kutu. Chimbeni hadi chini nilione tako lake. Nikiona zege limekaa na udongo wake wa zamani, sina neno."

Na kwa kanuni za kazi alikuwa na haki. Bikoni inayogombewa huchimbwa mpaka kwenye kitako.

"Hapana," Winifrida akasema.

Beno akamtazama. Hakuwahi kumsikia akimwambia mteja neno lile.

"Hapana nini, binti?"

"Sichimbi zaidi. Na sururu haiingii hapa."

"Basi hiyo siyo ushahidi. Namwita Ansbert, namwita mwenye kijiko, tumalize." Akawa ameshaanza kubonyeza simu.

"Baba," Winifrida akasema, na sauti yake ilitetemeka lakini haikushuka. "Huamini macho yangu, sawa. Njoo upime wewe. Weka mkono wako hapa nilipoweka wangu, pembeni ya zege, ushuke hadi kitakoni. Ukishatosheka uniambie nichimbe, nitachimba."

Aliufungua mshiko ule kwa upole, kama unavyofungua mkono wa mtoto aliyekamata nywele zako, akajisogeza. Onesphory alishusha pumzi ya mtu anayepotezewa muda. Aliweka simu zake kitandani, akakunja mkono wa shati, akapiga magoti na kuuzamisha mkono hadi kiwiko.

Uso wake haukubadilika mara moja. Kwanza alionekana kama mtu anayetafuta sarafu mtaroni. Halafu akaacha kutafuta. Mdomo wake ukalegea, na macho yake yakabaki yakiutazama ukuta wa Bi Moza, ukuta usio na kitu, kwa muda mrefu hadi Beno akakosa pa kutazama.

"Ananyonya," Onesphory akanong'ona. "Ananyonya kidole changu."

Bi Moza akasogea ukingoni mwa kitanda.

Alipoutoa mkono, aliushika kwa mkono mwingine, akaubana kifuani. Alisimama, akachukua simu moja, akasahau nyingine. Mlangoni akageuka, akamtazama Bi Moza, na ilionekana alitaka kumwomba radhi na hakujua aianze wapi.

"Mpaka ni hapo," akasema. "Nitajenga nyuma yake. Mwambieni Ansbert ailete karatasi, nitaweka sahihi." Kisha, "Funikeni, jamani. Ana baridi."

Kile kimya cha chumba kilikuwa kimepasuka: walisikia hatua zake ukumbini, halafu sauti yake kule nyuma ya mabati, ikimwambia dereva wa kijiko azime injini na aende akale.

Beno alikusanya vifaa haraka kuliko kawaida, bila mzaha. "Wini, fukia, twende. Tumeshamaliza. Bibi kapata chumba chake."

Winifrida alianza kurudisha udongo. Mkono mmoja, kisha mwingine, akiusawazisha juu ya chuma. Lakini udongo haukutulia. Ulipanda na kushuka, kidogo tu, kama shuka juu ya mtu, na kutoka chini yake sauti ilianza, nyembamba, ya kukatika-katika, ile waliyoikimbia mafundi. Haikuwa kubwa. Iliingia kwenye meno.

Bi Moza aliteremka kitandani, akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

"Siku zote alilala," alisema. "Mama alimlaza, na sisi tukawa tunanyatia. Umeniokolea chumba, mwanangu, na ninakushukuru. Lakini ulisema utamfufua, na umemfufua."

"Sikujua, bibi. Ni neno tu la kazi."

"Najua. Mlaze basi."

"Nitamlazaje?"

"Mimi sijapata kuzaa. Wewe wa kwanza kumshika."

Beno aliita kutoka ukumbini kwamba gari limezibia watu, kwamba mzee Ansbert anapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mbali mno, kama ya mtu aliye Posta.

"Nenda," Winifrida akasema. "Mwambie mimi bado."

Akalala ubavu kwenye saruji, shavu karibu na udongo, akaingiza mkono wake palepale. Ulipokelewa kabla haujafika. Bi Moza akaanza kuvuma wimbo usio na maneno, labda wa mama yake, na baada ya kitambo kilio kikawa kwikwi, na kwikwi zikawa pumzi. Mwanga wa mlangoni ulihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Vidole vidogo vilianza kulegea, kimoja, kingine.

Winifrida alisubiri zaidi, kisha akauvuta mkono wake, kidogokidogo, bila kupumua.

Vikamkamata tena.

"Bado," Bi Moza akasema, akaendelea kuvuma.